Somo la Barua ya Boma

Haya, kwa kuwa mmenichokoza nitasema, lakini anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana huko mbele sipendi kukatizwa: mimi huyu mnayemwona na kofia safi na kanzu iliyopigwa pasi niliwahi kujikojolea mchana kweupe, nimesimama wima, mbele ya majumbe wanne, akida, askari wenye bunduki, bwana wa Kidachi, yaani Mjerumani, na wanafunzi wangu kumi na wanane ambao kila asubuhi nilikuwa nikiwafokea kwamba mtu mzima hujizuia. Na kujikojolea siyo aibu yenyewe. Aibu yenyewe nitaifikia, kama ulimi hautanikauka.

Ilikuwa mwaka ule vita vya Maji Maji vilipoanza kule milima ya Umatumbi. Mimi kwetu Bagamoyo, lakini serikali ilinitupa kwenye kijiji kimoja cha kivukoni, upande wa kaskazini wa mto Rufiji, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kibiti, nikafundishe shule. Shule yenyewe ilikuwa banda la makuti, ubao mmoja na kitabu kimoja. Wanafunzi waliletwa kwa amri, kila jumbe atoe watoto, na majumbe walitoa wale ambao nyumbani hawakuwa na kazi nao. Jumbe Pazi, mzee wa kijiji chenyewe, aliwabakiza wavulana wake wote shambani kulinda mahindi, akaniletea mjukuu wake wa kike, Mwanahawa, umri kama miaka tisa. Nilipomwuliza vipi akanijibu, "Mwalimu, nguruwe hawajui serikali. Huyu hawezi kurusha mawe mbali, mchukue." (Nami nikamchukua, ningefanya nini, hesabu ilitakiwa itimie.)

Sasa shida yangu ilikuwa hii. Watoto wale wote walikuwa wametoka chuoni, wamesoma Kurani kwa kifua, na kwao kusoma ni sauti: unayumba mbele, unayumba nyuma, unavuta, unamaliza, unakwenda kuchota maji. Siwalaumu, hata mimi nilisoma hivyo hivyo. Lakini bwana aliyetufundisha ualimu alitutia kichwani kwamba mtoto asiyeweza kusema jambo kuu la habari aliyoisoma hajasoma, ameimba. Basi mimi kila siku, "Jambo kuu ni nini hapa?" Nao wananitazama, halafu kwa adabu kabisa wananisomea ukurasa mzima upya, wakidhani sikusikia. Baada ya miezi minane kitabu kizima walikuwa nacho kichwani, na jambo kuu hata moja hawakuwa nalo.

Ndipo ikaja barua ya boma. Akida wetu, mtu wa Pwani mwenye joho na sauti kubwa, alisoma herufi za Kiarabu vizuri mno, ila hizi za Kidachi zilimshinda, kwa hiyo barua zake nilikuwa namsomea mimi. Siku ya Jumatatu aliniita ndani, akafunga mlango, nikamsomea. Ilikuwa ndefu. Ilianza na salamu, ikaendelea na pamba isichanganywe na majani, ikasema vibanda vya askari viezekwe, halafu katikati, kama mtu aliyekumbuka, ikasema Ijumaa askari watafika kuvuka kwenda kusini, na siku hiyo mitumbwi yote ya ng'ambo zote mbili ikamatwe na kufungwa mnyororo kivukoni, usibaki hata mmoja, na watu wasiambiwe mapema. Mwisho ikasema bwana anayekuja atakagua na shule.

Akida alijifuta jasho. "Mwalimu, karatasi hii ikae kwako, mimi nyumba yangu ina watu wengi. Lakini neno likitoka, mimi na wewe tuna shingo moja moja tu."

Nikasema haitatoka. Na wallahi nilikusudia isitoke. Lakini usiku mzima neno lililonikereketa siyo mitumbwi, ni lile la mwisho, la kukagua shule. Nilimwona bwana akiuliza jambo kuu, na watoto wangu wakiyumba. Nilihitaji habari mpya, ambayo hawajaikariri, niwafanyishe mazoezi siku mbili tatu, na kijiji kizima hakikuwa na karatasi nyingine yenye maandishi ila ile iliyo chini ya mkeka wangu. Nikajiambia (hapa ndipo mnipige makofi) kwamba hakuna hatari, hawa wataimba tu, wameshindwa miezi minane watawezaje leo? Jumanne asubuhi nikaiandika ubaoni. Nilijiona mwerevu kwa sababu ile sentensi ya watu wasiambiwe niliiruka.

Wakasoma. Walisoma vizuri, tena kwa sauti tamu. Nikauliza jambo kuu. Mmoja akasema, "Salamu." Wa pili, "Pamba." Wa tatu akaanza kuisoma yote upya. Nilichukia, nikatoka nje nikasimama kuutazama mto, na pale pale likanijia wazo, nikaliona zuri kuliko yote niliyowahi kuyawaza.

Mnajua watu wa Rufiji wanavyoitana. Nyumba iko huku, shamba liko ng'ambo, na mto katikati ni mpana na una mamba, basi mtu husimama ukingoni akapaza sauti, na kwa kuwa upepo hula maneno huwezi kupiga hadithi, unasema lile moja tu linalotakiwa: mama kajifungua, leta kafi, fulani kafa. Na anayesikia, hata kama ana tonge mkononi, hulirudisha kwenye sahani, akajibu, kisha akalipaza neno lile lile kwa wa mbele yake, maana huenda ni msiba na mwenyewe yuko mbali.

Nikawarudia watoto. "Sikilizeni. Barua hii unataka kumpa mtu aliye ng'ambo. Pumzi unayo moja. Utamwambia nini?"

Nilikuwa na maana wawaze tu. Lakini kuwaambia watoto wa kule kwamba kuna mtu ng'ambo ni kuwaambia twende. Nilipogeuka kuchukua chaki wote walikuwa wameshateremka ukingoni, na mimi, badala ya kuwarudisha, nikafuata nyuma nikicheka, eti somo limechangamka.

Mwanahawa alikuwa wa kwanza. Aliweka viganja mdomoni.

"Ng'amboooo!"

Ng'ambo kulikuwa na mwanamke anaosha mihogo. Akainuka. "Ooooh! Semaaa!"

"Boma wanakuja Ijumaa kuchukua mitumbwiiii!"

Jamani, nitawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Miezi minane! Nilipiga makofi, nikamnyanyua yule mtoto juu, nikasema, "Umepata! Umepata, mwanangu! Mmesikia wote? Hilo ndilo jambo kuu!" Naye akacheka mpaka pengo lake la mbele likaonekana.

Kisha nikamsikia yule mwanamke anauliza, "Yoteee?"

"Yoteee!" wakajibu watoto kumi na wanane kwa pamoja.

Mwanamke akaacha mihogo yake pale pale. Akageukia chini ya mto, akaweka viganja mdomoni. Nikamsikia mwingine akimjibu, mbali kidogo. Kisha mwingine, mbali zaidi, sauti ya mwanamume. Neno langu lilikuwa linateremka mto kuelekea kwenye mikoko ya delta, halipotei hata kipande, maana ndivyo walivyozoea, na mimi nimesimama na chaki mkononi nikilisikiliza likiondoka. Nikakaa kwenye matope na kanzu yangu. Watoto wakadhani ni sehemu ya somo, nao wakakaa.

Hofu ya siku tatu zile sijui nifananishe na nini. Jumanne jioni mitumbwi pale kivukoni ilikuwa ishirini na mitatu. Jumatano asubuhi ilikuwa tisa. Adhuhuri haukuwapo hata mmoja. Walikuwa wanaijaza matope na mawe na kuizamisha kwenye matete, kimya kimya, bila mtu kumtazama mwenzake, kwa sababu mtu wa kule akinyang'anywa mtumbwi amenyang'anywa shamba na chakula cha mwaka mzima. Mimi niliufuta ubao mara nne. Halafu nikauosha. Kila mtu aliyekohoa nje ya mlango wangu nilidhani ni askari. Tulikuwa tumeshasikia kwamba huko kusini watu wananyongwa, tena kwa makosa madogo kuliko langu.

Alhamisi nikaamua kukimbia. Kaskazini ndiko askari wanakotokea, kwa hiyo ni kusini tu, yaani ng'ambo. Nikamwendea mzee mmoja mvuvi, nikambembeleza anivushe.

"Nikuvushe na nini, Mwalimu?"

"Na mtumbwi wako."

"Mtumbwi?" Alinitazama machoni bila kupepesa. "Mtumbwi ndiyo kitu gani? Hapa kwetu hatujawahi kuwa na mitumbwi."

Basi nikarudi nyumbani kungoja kufa.

Ijumaa walifika. Bwana wa Kidachi alikuwa mtu mwembamba, mgonjwa wa homa, na Kiswahili alikijua vizuri sana, jambo ambalo nilikuwa nimemwomba Mungu lisiwe. Alitazama mto. Alitazama kivuko. Minyororo ilikuwa tayari, imepakwa mafuta, na hapakuwa na cha kufunga. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema tu majumbe wanne wafungwe kamba, wakafungwa, wakakalishwa chini juani, Jumbe Pazi akiwa wa mwisho, na mkono wake mmoja ulikuwa na kidonda kwa hiyo kamba ilipokazwa alilia "Yallah!" kama mtoto. Kijiji kizima kimesimama. Kisha bwana akamwuliza akida nani aliijua barua.

Akida, Mungu amrehemu, hakungoja. "Barua ilikaa kwa mwalimu, bwana! Na wanafunzi wake Jumanne walipiga kelele mtoni, watu wangu waliwasikia!"

Hapo ndipo ilipotokea ile habari ya kanzu. Nilihisi joto linateremka, nikatazama chini, nikaona, na nikaona kwamba kila mtu ameona. Askari mmoja alicheka. Bwana hakucheka.

"Uliwasomesha watoto barua yangu?"

Kukana kulikuwa hakuna faida. Nikasikia sauti yangu ikisema, nyembamba, siyo yangu kabisa, "Niliiandika ubaoni, bwana, wajizoeze herufi. Lakini hawaelewi. Hawa wanaimba tu. Mtoto hata mmoja hawezi kukuambia habari inasema nini. Wajaribu."

Kwa nini nilisema wajaribu? Mpaka leo najiuliza. Mdomo wa mtu mwenye hofu una mwenyewe mwingine.

Bwana akatoa barua ile ile, iliyoletwa kutoka chini ya mkeka wangu, akawapa watoto. Waliletwa mbele, wakakaa chini kuizunguka kama walivyozoea kukizunguka kile kitabu kimoja, wengine maandishi wakiyaona kichwa chini miguu juu, na wote wakasoma sawasawa, wakiyumba. Bwana akakunja uso. Akamwuliza wa kwanza, "Barua inahusu nini?"

"Salamu, bwana."

Wa pili. "Pamba, bwana."

Wa tatu akaanza kuisoma upya. Watu wakaanza kuguna, askari wakacheka, na mimi nikaanza kupumua kidogo kidogo, nikamshukuru Mungu kwa ujinga niliopigana nao miezi minane.

Kisha nikamwona Mwanahawa. Alikuwa amenyoosha mkono. Uso wake unang'aa, analijua, ana hamu ya kulisema, ndivyo nilivyomfundisha: anayejua anyooshe mkono asirukie. Babu yake yuko hatua kumi kutoka pale, amefungwa kamba mikononi.

"Shusha mkono wewe!" nikapiga kelele.

"Lakini Mwalimu, Jumanne ulisema nimepa—"

"Shusha! Gogo wewe, huna unalolijua!"

Bwana aliinua kidole nikanyamaza. Akamwinamia. Alimwuliza kwa upole, na kwa upole ule nilitamani ardhi inimeze. "Sema, binti. Barua inahusu nini?"

Alinitazama. Sijui aliona nini kwangu, mtu mzima aliyelowa, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kidogo kidogo kama mwenye degedege. Akamtazama babu yake. Jumbe Pazi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Salamu, bwana," akasema.

"Una hakika?"

"Salamu." Na machozi yakamtoka.

Bwana akanigeukia. "Amepata, Mwalimu?"

"Amekosea, bwana," nikasema. "Wote wamekosea. Mimi sijui kufundisha."

Alinitazama kwa muda, kuanzia kofia mpaka pale palipolowa. Akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba serikali imelisha mpumbavu awafundishe kasuku, na kwamba habari ya mitumbwi lazima ilitoka kwa watu wa maji, siyo kwenye banda hili. Nikalazwa chini nikapigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, mbele ya wanafunzi wangu, siyo kwa kutoa siri, bali kwa kutofundisha. Majumbe wakafunguliwa, maana palihitajika watu wa kukata mianzi na kufunga vielea vya kuvukia. Kazi ile ilichukua siku mbili, na nasikia kwa siku mbili hizo watu wa ng'ambo waliwahi kuwaficha watoto wao msituni. Wapo wanaonisifu kwa hilo. Wasinisifu, mimi sikuwa nimewaza mtu yeyote ila shingo yangu.

Jumatatu nilikwenda shuleni kwa kujikokota, silali wala sikai. Hakuja mtoto hata mmoja. Wazazi walikuwa na haki, wamenisikia mwenyewe nikisema sijui kufundisha, na siwezi kuwaeleza kinyume, kwani kueleza ndiyo kamba shingoni. Kivukoni walikuwa wameachwa askari wawili walinde, na mmoja alikuwa ameegemea nguzo ya banda langu anavuta tumbaku.

Mwanahawa akaja peke yake, saa ya jua kupanda. Hakuingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu anasema nisije tena. Nimekuja kuuliza tu." Alishusha sauti, lakini siyo vya kutosha. "Ile salamu nilisema kwa vile ulinitolea macho. Lakini lile nililosema mtoni, la kwanza, lile nilipata?"

Askari aliacha kuvuta. Hakugeuka, ila niliona sikio lake lilivyotulia.

Nilikuwa na pumzi moja. Neno lenyewe ni fupi tu.

"Hapana," nikasema. "Ulikosea."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu yake iliyosahihishwa. "Haya, Mwalimu," akasema, akaenda zake, na hakukimbia, alitembea taratibu akiitazama njia.

Niliapa siku ile kwamba sitafundisha tena kwa karatasi ya mtu mwingine, na nimekitimiza kiapo. Nilidhani mambo yakitulia nitamwita nimwambie. Lakini vita havikutulia upesi, mimi nilihamishwa, mashamba yakachomwa, ikaja njaa, na nilipopata ruhusa ya kurudi kile kivuko kilikuwa kimeota majani, hakuna nyumba. Wengine waliniambia watu wa Jumbe Pazi walikwenda Mbwara, wengine Mloka, wengine wakasema nyamaza usiulize. Nimeuliza kote. Kama yuko hai sasa ni mwanamke mwenye watoto, na huenda watoto wake wakimwomba awasomee kitu anawaambia hapana, mimi shule ilinishinda, mwalimu mwenyewe aliniambia. Basi ninyi mnaosafiri njia zile mkimkuta mwanamke anaitwa Mwanahawa, mjukuu wa Jumbe Pazi, msimweleze habari ya kanzu wala ya viboko, mwambieni tu kwamba alipata.